Shule Moja, Mtoto Mmoja: Hesabu ya Wanafunzi wa Shule ya Msingi William Frantz, New Orleans

Makala haya yanatokana na swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukizungumza darasani juu ya kuenea kwa maneno ya Kiswahili nje ya Afrika, na mmoja wao akatuuliza kwa nini shule ya msingi ya mji wa New Orleans, katika Marekani, inaitwa Akili, ilhali hakuna mtoto hata mmoja pale ambaye wazazi wake walimwimbia bembea kwa Kiswahili. Tulimjibu haraka, kama mwalimu anavyojibu kengele ikikaribia kulia, kwamba Wamarekani weusi wanapenda majina ya Kiafrika. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini halikututosheleza hata sisi wenyewe. Tulipolifuatilia jambo lenyewe, tuligundua kwamba chini ya jina hilo, katika jengo lile lile, limo jina jingine, William Frantz, na chini ya jina hilo imo hesabu ya watoto ambayo mwanahistoria hawezi kuipita bila kusimama.

Hesabu ya wanafunzi huonekana kuwa kitu kikavu. Ni kazi ya mkuu wa shule mwezi wa Septemba: wavulana wangapi, wasichana wangapi, wa umri gani, wametoka mtaa gani. Karatasi hupelekwa kwa mkaguzi, nakala moja hubaki kabatini mpaka mchwa waikute. Lakini hesabu hiyo ndiyo inayosema nani alihesabiwa kuwa mtoto wa shule hii na nani hakuhesabiwa. Katika makala haya tunakusudia kuifuata hesabu ya shule moja tu, tangu ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi ilipobadilishwa jina, na kuona jinsi idadi na rangi ya watoto wake zilivyogeuka. Tutaitazama tukiwa Lubumbashi, mji ambao nao ulikuwa na shule zake za watu weupe na shule zake za watu weusi.

Mji na desturi zake

New Orleans ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, ukapita mikononi mwa Wahispania, kisha ukauzwa kwa Marekani pamoja na nchi yote ya Louisiana mwaka 1803. Urithi wa Kifaransa na wa Kikatoliki umebaki hata katika maneno ya utawala: katika Louisiana wilaya huitwa parokia, ingawa hakuna padri anayeitawala. Kwa sababu hiyo msomaji atakutana hapa na parokia ya Orleans na parokia ya St. Bernard, na asidhani kwamba tunasimulia habari za kanisa. Katika mji huo kuna uwanja unaoitwa Congo Square, mahali ambapo watumwa waliruhusiwa kukutana siku za Jumapili, kupiga ngoma na kuuza vitu vyao vidogo. Jina hilo si la bahati tu. Miongoni mwa waliokusanyika pale walikuwamo watu waliotoka magharibi ya nchi zetu, kandokando ya mto na bahari.

Mji huo huo ndio uliozaa kesi iliyofungia utengano wa rangi ndani ya sheria ya Marekani. Mwaka 1892 Homer Plessy, mkazi wa New Orleans, alikaa kwa makusudi katika behewa la treni lililotengwa kwa ajili ya weupe, akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwatenga watu kwa rangi si kosa, mradi kila upande upewe kitu kilicho sawa. Tangu hapo maneno "mbali lakini sawa" yakawa ngao ya kila shule, hospitali na kituo cha treni katika majimbo ya kusini. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mambo hayakuwa hivyo daima. Katika miaka ya 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufutwa kwa utumwa, baadhi ya shule za serikali za New Orleans zilikuwa na watoto weupe na weusi pamoja. Majaribio hayo yalikoma mwaka 1877. Kwa hiyo wale waliosema mwaka 1960 kwamba kuchanganya watoto ni jambo geni lisilowahi kuonekana, walikuwa wameisahau historia ya mji wao, au walipenda kuisahau.

Shule ya William Frantz ilijengwa katika Kata ya Tisa, mtaa wa North Galvez, kwa ajili ya watoto weupe. Wazazi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa wafanyakazi wa kawaida, na wengi wao waliona kwamba rangi yao ndiyo mali pekee ambayo jirani yao mweusi hakuwa nayo. Tukumbuke jambo hilo, maana litatufaa mbele.

Katika miaka ya 1950 hali ya idadi ya watoto ilikuwa hivi. Wazazi weupe wengi wa New Orleans, hasa Wakatoliki, walikuwa wakiwapeleka watoto wao katika shule za kanisa au za binafsi. Kwa sababu hiyo watoto weusi walikuwa wamekwisha kuwa wengi kuliko weupe katika shule za serikali kabla hata ya mwaka 1960. Lakini majengo hayakugawanywa kwa kufuata idadi, yaligawanywa kwa kufuata rangi. Shule za weusi zilifurika, na watoto wengi walisoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine alasiri, wakati katika shule kadhaa za weupe viti vilikuwa vitupu. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa zamu mbili ni nini. Mwalimu wa alasiri huwakuta watoto wamechoka kwa jua, ubao haujafutwa, na chaki imekwisha. Hapo ndipo penye uongo wa neno "sawa": hesabu yenyewe, bila maneno mengine, ilitosha kuukanusha.

Kutoka mahakamani hadi darasani

Mwaka 1952 wazazi weusi wa New Orleans, wakitetewa na wakili A. P. Tureaud, walifungua kesi dhidi ya baraza la shule la parokia ya Orleans. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Bush, jina la ukoo wa mmoja wa wazazi hao. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Brown, iliamua kwamba utengano wa rangi katika shule za serikali unapingana na katiba. Mwezi wa Februari 1956 Jaji J. Skelly Wright, yeye mwenyewe mzaliwa wa New Orleans na mtu mweupe, aliliamuru baraza la shule liondoe utengano. Baraza lilikata rufani, wabunge wa Louisiana wakatunga sheria moja baada ya nyingine za kuzuia, na jaji akazifuta moja baada ya nyingine. Miaka minne ikapita hivyo. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya hukumu ya Brown alikuwa amekwisha kuyamaliza masomo ya msingi, wala hakuna kitu kilichobadilika.

Hatimaye, mwaka 1960, jaji aliamua kwamba kazi ianze na darasa la kwanza peke yake. Baraza la shule likaomba muda mpaka tarehe 14 Novemba. Kisha likaweka mtihani. Watoto weusi waliotaka kuhamia shule za weupe walipaswa kuomba, kupimwa na kuchunguzwa. Zaidi ya watoto mia moja waliomba. Wanne tu ndio walioingia: Ruby Bridges katika shule ya William Frantz, na Leona Tate, Gail Etienne na Tessie Prevost katika shule ya McDonogh namba 19. Wote wanne walikuwa wasichana, wote wa miaka sita.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mbinu hii ya kupima na kuchunguza, ili wapite wachache tu na idadi ibaki kuwa mfano usiodhuru mtu, haikuwa mbinu ya Louisiana pekee. Katika Kongo ya Wabelgiji kulikuwa na shule zenye programu ya Ulaya kwa watoto wa Wazungu, na shule zenye programu ya Kikongo kwa watoto wa wenyeji. Katika miaka ya 1950 milango ya zile za kwanza ilifunguliwa kwa watoto wachache weusi, baada ya familia zao kuchunguzwa: nyumba ikoje, mama anajua Kifaransa, mtoto ni msafi, ana ugonjwa gani. Wazee wa Lubumbashi bado wanasimulia habari za wakaguzi waliokuja kutazama vyungu na shuka. Tofauti ni kwamba kwetu mtoto wa namna hiyo aliingizwa kimyakimya, na kule aliingizwa mbele ya kamera.

Kuhusu uchaguzi wa shule mbili hizo, kuna jambo ambalo wanahistoria wameliuliza mara nyingi. Upande wa juu wa mji, mahali walipokaa watu wenye elimu na uwezo, kulikuwa na shule mbili ambazo wazazi wake weupe walionyesha kwamba wangekubali watoto weusi waingie. Baraza halikuzichagua. Lilizichagua shule mbili za Kata ya Tisa, zilizo karibu moja na nyingine, katikati ya maskini weupe ambao hawakuulizwa neno. Mzigo wa kubadili historia ya mji ukawekwa juu ya wale wasiokuwa na fedha za kuukwepa. Sisi hatuwezi kuwatetea waliowatukana watoto njiani. Lakini mwanahistoria hana budi kusema kwamba ghasia zile zilitayarishwa na uchaguzi huo, kama vile moto hutayarishwa na anayepanga kuni.

Siku ya tarehe 14 Novemba

Mkuu wa elimu wa jimbo alitangaza kwamba Jumatatu hiyo ni siku ya mapumziko kwa shule zote za Louisiana. New Orleans, kwa amri ya mahakama, ilifungua shule zake. Ruby Bridges alifika na mama yake, wakizungukwa na maofisa wanne wa serikali kuu. Alikuwa amezaliwa Mississippi mwezi wa Septemba 1954, miezi michache baada ya hukumu ya Brown, kwa hiyo umri wake na umri wa sheria ile ulikuwa mmoja. Siku nzima alikaa katika ofisi ya mkuu wa shule, hakuona darasa. Kupitia kioo aliona wazazi weupe wakipita, wakiingia madarasani, na kutoka na watoto wao.

Asubuhi ile shule ilikuwa na watoto zaidi ya mia tano. Katika siku chache zilizofuata waliobaki waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Lakini ni hesabu ipi tunayosema? Mwalimu yeyote aliyewahi kushika rejista anajua kwamba kuna walioandikwa na kuna waliohudhuria, na kwamba hesabu hizi mbili hazisemi habari moja. Mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake saa nne asubuhi na kupelekwa nyumbani alikuwa bado ameandikwa. Jina lake lilikuwa kitabuni, kiti chake kilikuwa kitupu. Wakubwa wa utawala hupenda kusoma hesabu ya walioandikwa, kwa sababu haibadiliki upesi. Anayetaka kujua yaliyotokea New Orleans aitazame hesabu ya waliohudhuria, siku kwa siku, kama mganga anavyotazama homa.

Kesho yake Ruby alikutana na mwalimu wake, Barbara Henry, mwanamke mweupe kutoka Boston, aliyekuwa amefundisha katika shule za watoto wa wanajeshi wa Marekani ng'ambo. Walimu wengine hawakukubali kumfundisha mtoto mweusi. Darasa lao lilikuwa na mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na likabaki hivyo karibu mwaka mzima. Alisoma peke yake, akacheza peke yake, akala chakula kilichotoka nyumbani kwao, kwa sababu mwanamke mmoja katika kundi lililosimama nje alitishia kumtilia sumu. Ikiwa tungechora meza ya takwimu ya darasa hilo, tungeandika: wanafunzi, 1, wasichana, asilimia 100, weusi, asilimia 100, mahudhurio, kamili. Takwimu safi kabisa. Ndiyo maana tunawaonya wanafunzi wetu wasiamini asilimia kabla ya kuuliza ni asilimia ya wangapi.

Katika McDonogh namba 19 mambo yalikuwa makali zaidi. Jina la shule hiyo linatokana na John McDonogh, mfanyabiashara na mwenye watumwa aliyefariki mwaka 1850, akaacha mali yake isaidie kuwasomesha maskini, weupe na weusi walio huru. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, wasichana watatu weusi walipoingia, weupe waliondoka wote. Watoto watatu walibaki katika jengo lililokusudiwa mamia, vioo vya madirisha vikafunikwa karatasi ili wasionekane kutoka nje.

Wachache waliobaki Frantz wanastahili kutajwa. Lloyd Foreman, mchungaji wa Kimethodisti, aliendelea kumpeleka binti yake mdogo, na Daisy Gabrielle akatembea kila siku na mtoto wake katikati ya matusi. Familia ya Gabrielle ilisumbuliwa mpaka ikauhama mji. Mwandishi John Steinbeck alifika, akawaona wanawake waliokusanyika kila asubuhi kutukana, akaandika habari zao katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1962. Upande wa pili wa barabara hiyo, baba yake Ruby alifukuzwa kazi katika kituo cha petroli, na babu na bibi yake, waliokuwa wakilima shamba la mtu mwingine katika Mississippi, waliondolewa katika shamba hilo. Hesabu ya shule haina safu ya mambo haya.

Na walimu je? Wabunge wa jimbo, wakitaka kuliadhibu baraza la shule, walizuia fedha, na walimu wa New Orleans wakakosa mishahara yao. Hili tunalitaja kwa upesi tu, kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida letu ni walimu, na hawahitaji maelezo marefu kulielewa.

Walikwenda wapi?

Watoto mia tano hawayeyuki. Kila hesabu inayopungua mahali fulani huongezeka mahali pengine, na huko ndiko mtafiti anakopaswa kuifuata. Wengi wa watoto wa Frantz na McDonogh walivuka mpaka wa parokia na kuingia St. Bernard, iliyo jirani kabisa na Kata ya Tisa. Huko mwanasiasa Leander Perez, adui mkubwa wa kuchanganya watoto, alihakikisha kwamba wanapokelewa. Wengine waliingia katika shule za binafsi zilizoanzishwa haraka. Wengine hawakusoma kokote mwaka ule. Wazazi wao waliona afadhali mtoto akae nyumbani bila kitabu kuliko kukaa na mtoto mweusi. Jimbo nalo lilianza kuwapa wazazi ruzuku ya kulipia shule za binafsi, yaani fedha za umma zilitumiwa kukimbia shule za umma. Mahakama iliifuta ruzuku hiyo mwaka 1967. Kanisa Katoliki nalo lilifungua shule zake kwa watoto wa rangi zote mwaka 1962, na Askofu Mkuu Joseph Rummel akamtenga Leander Perez na kanisa kwa sababu ya upinzani wake.

Mwaka wa pili ulikuwa mtulivu. Septemba 1961 baraza la shule liliongeza shule nyingine, zikiwemo zile mbili za watu wenye uwezo zilizorukwa mwaka uliotangulia, na polisi wa mji walilinda barabara mapema. Ruby alipofika darasa la pili hakukuwa na maofisa wala makelele, na katika darasa lake walikuwamo watoto wengine, weupe na weusi. Mwalimu Henry hakuwapo tena. Picha maarufu ya mchoraji Norman Rockwell, inayomwonyesha msichana mwenye gauni jeupe akitembea kati ya watu wanne wasioonekana vichwa, ilitoka mwaka 1964, na dunia nzima ikadhani kwamba habari imeishia pale.

Kwa mtu anayehesabu, habari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Katika miaka iliyofuata wakazi weupe waliiacha Kata ya Tisa kidogo kidogo. Tufani ya Betsy, Septemba 1965, iliigharikisha sehemu kubwa ya kata hiyo na kuongeza mwendo wa wale waliokwisha kutaka kuhama. Shule ya Frantz, iliyojengwa kwa ajili ya weupe peke yao, ikawa shule ya weusi. Jambo hilo halikuwa la Frantz peke yake: kufikia mwaka 2004, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi katika shule za serikali za New Orleans walikuwa weusi. Mahakama iliweza kumwingiza mtoto mmoja kwa mlango wa mbele, haikuweza kuwazuia mia tano wasitoke kwa mlango wa nyuma. Tunasema hivi bila kuidharau kazi ya Tureaud na Wright. Kabla yao sheria ilimwambia mtoto mweusi kwamba hana haki ya kuingia, baada yao haikuweza kumwambia hivyo tena. Lakini haki ya kuingia ni jambo moja, na kukuta watu ndani ni jambo jingine.

Kisha idadi ikaanza kupungua hata ya watoto weusi, kwa kuwa mtaa ulizidi kuwa maskini na watu walizidi kuhama. Mwaka 2005 ilikuwa imekwisha kuamuliwa shule ya Frantz ifungwe, kabla ya tufani ya Katrina kuupiga mji tarehe 29 Agosti. Kabla ya Katrina shule za serikali za New Orleans zilikuwa na wanafunzi wapatao 65,000, baada yake, kwa miezi kadhaa, zilikuwa karibu tupu. Jimbo lilizichukua shule nyingi kutoka kwa baraza, na wafanyakazi wa shule zaidi ya 7,000, wengi wao walimu weusi, wakafukuzwa. Shule zikaanza kukabidhiwa mashirika ya kuziendesha kwa mkataba. Moja ya shule hizo mpya ilianza mwaka 2008 kwa madarasa ya wadogo kabisa, na mwaka 2013 ikahamia katika jengo la William Frantz lililokuwa limetengenezwa upya. Hiyo ndiyo Akili. Wanafunzi wake, ilipohamia, walikuwa karibu wote weusi.

Jina mlangoni

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Neno akili, kama wasomaji wajuavyo, lilitoka Kiarabu likaota mizizi Afrika ya Mashariki, likafika kwetu pamoja na misafara na baadaye na kazi za migodi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi limegawana shamba na neno mayele: mtu wa mayele anaweza kuwa mjanja, lakini mtoto tunayemsifu shuleni tunasema ana akili. Lilivukaje bahari ya Atlantiki? Si kwa watumwa. Mababu wa watu weusi wa New Orleans walitoka hasa Senegambia, pwani ya Benin, Kongo ya magharibi na Angola. Waliojua Kiswahili walikuwa wachache mno, kama walikuwapo. Kiswahili kilifika kwa kuchaguliwa. Katika miaka ya 1960, Tanzania ya Nyerere ilipokuwa ikisikika duniani, Wamarekani weusi waliotafuta lugha isiyo ya kabila moja wala ya mkoloni walikichukua Kiswahili. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye maneno saba ya Kiswahili kama nguzo zake, na tangu hapo watoto, maduka na shule zikapewa majina kama Imani, Nia na Umoja. Jina Akili ni tunda la mti huo.

Wapo wenzetu wanaocheka desturi hiyo. Wanasema: watu hawa hawajui ngeli hata moja, wanafanya nini na maneno yetu? Sisi hatucheki. Jina la shule ni tamko juu ya nani anatazamiwa kukaa ndani. William Frantz lilikuwa jina lililowatazamia watoto weupe. Akili linawatazamia watoto weusi, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile linawatazamia kwa heshima. Lakini jina jipya halikubadilisha hesabu. Shule iliyokuwa ya rangi moja mwaka 1959 ilikuwa tena karibu ya rangi moja mwaka 2013, ingawa si rangi ile ile. Hapo sisi na mwanafunzi wetu hatukuafikiana. Yeye aliona kwamba hakuna ubaya wowote, mradi watoto wanafundishwa vizuri. Sisi tuliona kwamba ni lazima tuulize waliwekwa pamoja na nini, maana umaskini wa mtaa nao ni mtihani wa kuingia shule, ijapokuwa hausahihishwi na mtu yeyote.

Hata hapa kwetu tunao mfano. Chuo cha Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambacho Wasalesiani walikianzisha Elisabethville kwa ajili ya vijana wa Wazungu, kilipewa jina la Kiswahili, Imara, katika miaka ya 1970, majina ya watakatifu yalipoondolewa kwa amri ya serikali. Shule iliyofungwa mbele ya mtoto mweusi ikafunguliwa, Wazungu wakaondoka kwa sababu nyingine na kwa njia nyingine, na neno la Kiswahili likaandikwa juu ya mlango. Wakati mwanya wa rangi ulipozibwa, mwanya wa karo ulibaki wazi. Serikali ilipotangaza masomo ya msingi ya bure mwezi wa Septemba 2019, shule nyingi za umma za miji yetu zilijaa kupita kiasi, na wazazi wenye uwezo wakawahamishia watoto wao katika shule za binafsi. Hakuna aliyesimama njiani kutukana. Walilipa tu, wakaondoka.

Katika jengo la North Galvez chumba kimoja kimehifadhiwa kama darasa la mwaka 1960, na uwanjani, tangu mwaka 2014, imesimama sanamu ya Ruby Bridges akiwa mtoto. Watoto wa Akili hupita mbele yake kila asubuhi. Mwanafunzi wetu alipoyasikia hayo akatuuliza swali jingine: na wale wa Imara, wanajua shule yao ilikuwa ya nani? Tulimpa barua ya utambulisho na daftari, aende akaulize.